Utumbo Usiojua Kulegea

Daktari alibandika picha ya eksirei kwenye ubao wenye taa, akanigeukia. "Haya mwalimu, wewe si ndiye wa baiolojia? Ugonjwa uko wapi hapo?"

Mdogo wangu alikuwa amekaa kwenye benchi nyuma yangu, mtoto mapajani, siku ya kumi na nane tangu ajifungue. Utumbo mpana wa mtoto ulionekana mweupe kwa ile dawa waliyomwingizia kwa njia ya haja kubwa kabla ya kumpiga picha. Sehemu ya juu ilikuwa imetuna kama kiriba. Sehemu ya chini, ile inayokwenda kutokea nje, ilikuwa nyembamba, imenyooka, haina kasoro yoyote kwa macho yangu. Nikanyoosha kidole bila kusita: penye uvimbe.

"Hapo ni pazima," akasema. "Pamechoka tu kusukuma. Mgonjwa ni huyu mwembamba hapa chini. Huyu hajui kulegea."

Miaka sita imepita na maneno hayo bado ninayo.

Mmeng'enyo wa chakula nafundisha kidato cha pili, mfumo wa fahamu kidato cha tatu, na yote kwa Kiingereza kama mtaala unavyotaka. Usiku ule mama alitaka kujua mjukuu wake ana nini, na alitaka kuelezwa kwa Kiswahili. Ndipo nilipobaini kwamba nilichokuwa nacho kichwani ni majina. Kuyatamka nayatamka vizuri, hata kuyachora ubaoni. Lakini nani humo tumboni anamwambia nani, na anamwambia nini, sikuwa na la kusema. Haya ninayoandika ndiyo ambayo ningemweleza mama usiku ule.

Nianze na mbuzi.

Kwetu Tanga, Idi ya kuchinja ikifika, matumbo ni kazi ya shangazi na watoto. Babu akishapasua, utumbo unamwagwa kwenye sinia kubwa la bati, una joto bado, unang'aa, unanuka majani yaliyochachuka. Na unacheza. Unajikunja taratibu kama mtu anayejigeuza usingizini: panatokea mbano mahali, mbano unasogea kiasi cha kiganja kimoja, unapotea, kisha mwingine unaanza pembeni. Mimi na binamu zangu tulikuwa tunaubana kwa vidole kuona utafanya nini, mpaka shangazi atufukuze. Kichwa cha mbuzi kiko kule kwenye kigae, kimeshatengana na mwili. Siku moja nikamuuliza babu ni nani anayeutikisa.

"Huo haujapata taarifa," akasema, akaendelea kunoa kisu.

Kila mtu alicheka, nami nikacheka. Lakini babu alikosea kidogo sana. Utumbo ule ulikuwa hausubiri taarifa ya kichwa hata mbuzi alipokuwa hai.

Mwaka 1899 jijini London, William Bayliss na Ernest Starling walichapisha kazi yao juu ya jambo hili. Walikuwa mashemeji, kwani Bayliss alimwoa dada yake Starling, na nadhani si kila familia ingestahimili mashemeji wanaokesha na matumbo ya mbwa. Waliwatia mbwa dawa ya usingizi, wakakata neva zinazoingia kwenye utumbo kutoka nje, kisha wakauchokoza utumbo kwa ndani. Utumbo haukujali kukatiwa mawasiliano. Nyuma ya kile kilichouchokoza ulikaza, mbele yake ulilegea, na mzigo ukaenda. Juu panabana, chini panaachia. Wao wakaiita sheria ya utumbo. Mwaka 1917 Mjerumani Paul Trendelenburg alikwenda mbali zaidi: alichukua kipande cha utumbo wa simbilisi, akakitoa mwilini kabisa, akakining'iniza kwenye maji ya chumvi yenye uvuguvugu na kukijaza kimiminika. Kikasukuma. Sinia la babu, ila la kioo na lenye vipimo.

Siri iko kwenye ukuta wenyewe wa utumbo. Ukuta huo una tabaka mbili za misuli, moja inazunguka kama pete, nyingine inakwenda kwa urefu. Katikati ya tabaka hizo umetandazwa wavu wa neva, na wavu wa pili uko ndani zaidi, karibu na utando unaogusana na chakula. Wa kwanza unaitwa kwa jina la Leopold Auerbach, wa pili kwa jina la Georg Meissner, Wajerumani wa karne ya 19 waliouona kwa hadubini. Ukiutazama wavu wa Auerbach unafanana hasa na wavu wa mvuvi: nyuzi zinapita, na zinapokutana pana kifundo. Ndani ya vifundo ndimo zinamoishi seli za neva. Ukizijumlisha kutoka kwenye koo la chakula hadi mwisho, ni mamia ya mamilioni.

Ubongo una usemi mwanzoni, unapomeza, na mwishoni, pale unapoamua kwamba choo kisubiri mpaka ufike nyumbani. Hapo katikati, mita kadhaa za mabomba, kazi ni ya serikali ya mtaa. Dodoma haipigiwi simu kila taka zinapozolewa. Ile neva kubwa inayounganisha tumbo na kichwa, vagasi, nyuzi zake nyingi zinapeleka habari juu, chache ndizo zinazoleta maagizo chini.

Sasa mazungumzo yenyewe. Tonge la ugali likifika kwenye utumbo mwembamba limeshakuwa uji. Uji huo unausukuma ukuta kwa nje na kuusugua utando kwa ndani. Katika utando kuna seli ambazo si za neva, zimetawanyika moja hapa moja pale, zimebeba kemikali iitwayo serotonini. Zikiguswa, zinaimwaga. Zaidi ya asilimia 90 ya serotonini yote ya mwili iko humu tumboni, si kichwani, na kazi yake kubwa ni hii ya kugonga kengele.

Kengele inasikiwa na seli za neva za kuhisi, ambazo nazo makazi yake ni humohumo ukutani. Umeme unakimbia kwenye uzi wa seli mpaka mwisho wake, na hapo unakwama, maana kati ya seli moja na nyingine pana upenyo mwembamba kuliko unywele mara maelfu, na umeme hauruki. Kwa hiyo ujumbe unabadilishwa kuwa kemikali. Vijifuko vilivyo mwishoni mwa uzi vinapasukia kwenye upenyo, vinamwaga asetilikolini, nayo inavuka na kudaka kwenye vipokezi vya seli ya pili. Milango inafunguka, chumvi zenye chaji zinaingia, na seli ya pili inawasha umeme wake. Yote hayo kwa sehemu ndogo sana ya sekunde.

Hiyo ndiyo lugha ya haraka. Kuna lugha nyingine ya polepole, na hii ndiyo iliyonishangaza niliposoma. Seli hizi zinaweza kumwagiana kemikali ambazo haziwashi chochote papo hapo, ila zinamwacha mwenzake akiwa mwepesi wa kuwaka, kwa sekunde kadhaa hata dakika. Mojawapo inaitwa dutu P, iliyogunduliwa mwaka 1931 na Ulf von Euler na John Gaddum kwenye utumbo na ubongo wa farasi. Seli za kuhisi zinaambiana kwa mtindo huu: mmoja anamtia mwenzake wasiwasi, naye anamtia mwingine, mpaka kifundo kizima kinakuwa macho. Ukitaka kujua inavyokuwa, kaa barazani siku mtaani kukiwa na tetesi.

Wavu wa Meissner, ule wa ndani, unazungumzia zaidi maji: kiasi gani kimwagwe ndani ya utumbo, kiasi gani kirudishwe mwilini. Kipindupindu kinautumia vibaya. Sumu yake inazilazimisha seli za utando kumwaga maji, lakini pia inazichokoza zile seli za serotonini, na neva zinapokea kengele ya uongo na kuamuru maji zaidi. Sehemu nzuri ya yale maji yanayomtoka mgonjwa inatoka kwa amri ya neva zake mwenyewe.

Narudi kwenye wavu wa misuli, maana ndiko aliko mpwa wangu.

Seli za kuhisi zikishaelewana, habari inagawanyika njia mbili. Kuna seli za kati zinazoipeleka upande wa mdomoni, na kuna zinazoipeleka upande wa kutokea. Ya kwenda juu inafika kwa neva zinazoamrisha misuli ikaze, na amri hiyo inatolewa kwa asetilikolini na dutu P. Hili halikuwasumbua sana wanasayansi. Ya kwenda chini inafika kwa neva zinazoamrisha misuli ilegee, na hapo kwa miaka mingi palikuwa na fumbo. Ilegee kwa neno gani?

Mapema miaka ya 1960, Geoffrey Burnstock akiwa Melbourne, Australia, alichukua mkanda wa misuli ya utumbo wa simbilisi, akazuia kwa dawa kemikali mbili za neva zilizokuwa zikijulikana, asetilikolini na noradrenalini. Alitegemea kwamba akizigusa neva kwa umeme hakutatokea kitu. Kikatokea: misuli ikalegea. Kulikuwa na mjumbe wa tatu. Baada ya miaka ya kutafuta akasema mjumbe huyo ni ATP, na wenzake wakamcheka. Ninaelewa kwa nini. ATP ndiyo ile ninayowaambia wanafunzi ni sarafu ya nishati ya seli. Kila seli hai inayo. Kusema kwamba neva inaitumia kutuma ujumbe ilikuwa kama kusema mtu anaandika barua kwa noti za benki. Burnstock alikaa na kejeli hizo kwa karibu miaka ishirini, mpaka vipokezi vya ATP vilipotambuliwa kimoja baada ya kingine.

Mjumbe wa pili wa kulegeza ni wa ajabu zaidi, maana ni gesi. Oksidi ya nitriki. (Si ile gesi ya kuchekesha ya madaktari wa meno; hiyo ni ndugu yake.) Gesi haiwekwi kwenye kijifuko ikasubiri, ingevuja. Neva inaitengeneza pale inapohitajika, inapenya kuta za seli bila kubisha hodi, inaingia kwenye msuli, inaulegeza, na baada ya sekunde chache imeshapotea. Kwamba gesi inaweza kuwa ujumbe lilikuwa jambo geni kabisa kabla ya utafiti wa mishipa ya damu wa miaka ya 1970 na 1980, uliowapa Wamarekani watatu, Furchgott, Ignarro na Murad, tuzo ya Nobel mwaka 1998. Kwenye utumbo ilithibitishwa karibu mwaka 1990. Yaani neno la kukaza lilijulikana tangu kabla ya vita vya pili vya dunia, na neno la kulegea limekuja kujulikana nikiwa tayari nimezaliwa.

Na ndilo neno linalobeba kila kitu. Nilikuwa nikiamini, na nadhani nilikuwa nikifundisha hivyo, kwamba msuli usio na amri unalala tu. Msuli wa mkono ndivyo ulivyo: kata neva yake, unaning'inia. Msuli wa utumbo sivyo. Ndani yake kuna seli nyingine, ambazo Mhispania Santiago Ramón y Cajal alizichora zaidi ya miaka mia iliyopita na zinaitwa kwa jina lake, na hizo zinapiga ngoma saa zote: takribani mara tatu kwa dakika kwenye mfuko wa chakula, mara kumi na mbili mwanzoni mwa utumbo mwembamba. Msuli unaalikwa kubana kwa kila pigo. Kinachouzuia usiitikie kila mwaliko ni zile neva za kulegeza, ambazo hazinyamazi. Zinasema acha, acha, acha, na pale tu zinapotulia, msuli unabana. Utumbo uliopoteza neva zake haulali. Unakaza na kubaki umekaza.

Hapo ndipo nilipoielewa ile picha kwenye ubao wa taa.

Ugonjwa wenyewe unaitwa kwa jina la Harald Hirschsprung, daktari wa watoto wa Copenhagen, aliyewaeleza wenzake huko Berlin mwaka 1886 habari za watoto wawili waliokufa na utumbo mpana uliotanuka kupita kiasi. Na nilipata faraja ya kijinga kusoma kwamba yeye pia alinyoosha kidole mahali nilipokinyoosha mimi. Aliona uvimbe, akadhani uvimbe ndio ugonjwa. Madaktari waliomfuata walikata sehemu iliyovimba, wakaunga mzima na mgonjwa bila kujua yupi ni yupi, na shida ikarudi. Mwaka 1948 ndipo Orvar Swenson, daktari wa upasuaji wa Boston, alipochapisha njia ya kufanya kinyume: kuondoa kile kipande chembamba kinachoonekana kizuri, na kuushusha utumbo wenye neva mpaka kwenye njia ya haja. Kile kipande chembamba hakina hata seli moja ya neva kwenye vifundo vyake. Vifundo vyenyewe havipo.

Kwa nini havipo? Seli zinazokuja kuwa neva za tumbo hazizaliwi tumboni. Mimba ikiwa na wiki nne hivi zinaondoka maeneo ya shingo ya kijusi, zinaingia juu ya utumbo na kuteremka nao, huku zikizaliana njiani, zinafika mwisho karibu na wiki ya saba. Ni safari ya Dar kwenda Tanga. Basi likikwama Segera, Muheza na Tanga hazipati abiria. Ni nadra mno Tanga ikapata watu na Segera ikakosa. Ndiyo maana ukosefu karibu siku zote unaanzia mwisho wa njia na kupanda juu, kwa watoto wengi kipande kifupi tu. Humpata takribani mtoto 1 kati ya 5,000, wa kiume zaidi, na pakitafutwa sababu, hitilafu inayopatikana mara nyingi zaidi ni ya kwenye jeni inayoitwa RET, ambayo inazisaidia seli hizo kusikia zinakoitwa.

Nayasema haya kwa kirefu kwa sababu mdogo wangu alilaumiwa. Mtoto hakupata choo siku ya kwanza wala ya pili, na kile choo cheusi cha kwanza kinatakiwa kitoke ndani ya saa 24, wakichelewa sana 48. Tumbo likawa ngoma. Zahanati ya kwanza wakasema gesi, wakatoa dawa ya matone. Nyumbani ikawa mchango, yakachemshwa majani. Mama mkwe akauliza kwa sauti ya upole, ambayo ni mbaya kuliko ya ukali, kama mwenzetu alikula vizuri wakati wa mimba. Mtoto akaanza kutapika kijani, ndipo tukakimbia. Wiki ya saba ya mimba baadhi ya wanawake hata hawajawa na uhakika kama wana mimba. Hakuna alichokula wala alichokosa kula.

Neno moja kuhusu huu usemi kwamba tumbo ni "ubongo wa pili", maana naona watu wanauziwa poda na vidonge kwa jina hilo. Mwanasayansi Michael Gershon wa New York aliupa umaarufu, na kama sitiari ni nzuri. Lakini tumbo haliwazi. Na ile serotonini ya tumboni haipandi kwenda kukufurahisha kichwani; kuna kizuizi kati ya damu na ubongo, haikipiti. Atakayekuambia unywe kitu fulani ili furaha itoke tumboni, mwulize inapitia njia gani.

Kwa mpwa wangu walianza kwa kumtoa choo ubavuni, na tukaishi na mifuko kwa karibu mwaka. Mama alijifunza kuibadilisha haraka kuliko sisi wote. Kabla ya upasuaji mkubwa walichukua vinyama vidogo kutoka sehemu mbalimbali za utumbo kwenda kutazamwa kwa hadubini, kutafuta ni wapi hasa neva zinaanzia. Daktari alinieleza kwamba hapo huwa wanatafuta seli kubwa, zimekaa vikundi vikundi kati ya tabaka za misuli. Wanakata chini ya hapo. Wakishaunga, kazi iliyobaki ni kusubiri, kwa sababu utumbo ukishikwashikwa hununa, unagoma siku mbili tatu, na hakuna anayejua umeamka mpaka wenyewe useme. Kila nesi akiingia wodini, swali ni hilohilo: ameshajamba?

Siku ya tatu alfajiri, kabla ya adhana, simu ikaita. Mdogo wangu alikuwa ananong'ona ili asiamshe wagonjwa wengine.

"Kaka, kajamba."

Nikaketi kitandani. Mama alikuwa ameshasimama mlangoni kwangu na khanga yake ya kulalia, maana simu ya saa ile haina heri. Nikamwambia. Akanyamaza kidogo, kisha akataka apewe simu.

"Wa sauti au wa kimya?" akauliza.

"Wa sauti, mama."

"Alhamdulillahi," akasema, akanirudishia simu, akaenda kutia udhu.